Usianze na ile iliyo bora: albamu za jazi kwa masikio ya kusini

Neno jazi huku kusini mwa Tanzania lina wenyewe tangu zamani. Mtu wa Kilwa ukimtajia jazi, kichwani kwake inapita Kilwa Jazz Band ya Ahmed Kipande. Mwingine atakumbuka Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Nuta Jazz au Jamhuri Jazz ya Tanga. Zote hizo zilikuwa bendi za dansi: magitaa, besi, tumba, drams, mdomo wa bata (saksafoni) mmoja au wawili, mwimbaji anayeleta kisa cha mapenzi au cha wakwe, halafu sebene. Basi mtu huyo akiwekewa Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi ya Marekani, kwa mara ya kwanza, iwe Mikindani au Lindi mjini, anakaa anasubiri. Dakika ya tatu anauliza: mwimbaji anaingia saa ngapi?

Swali hilo tunaulizwa kuliko jingine lolote, na ni swali la haki kabisa. Likijibiwa vizuri mwanzoni, nusu ya kazi imekwisha. Jibu ni kwamba mwimbaji haingii. Tarumbeta ndiyo inayoimba, kisha saksafoni, kisha piano, na kila mmoja anaimba kwa zamu juu ya wimbo uleule. Kwenye dansi, wimbo unakuja kwanza, sebene inafuata, na sebene ikishakolea mara nyingi wimbo haurudi tena. Jazi ya miaka ya 1950 na 1960 inapangwa namna nyingine: wimbo unapigwa mara moja au mbili, wapigaji wanapokezana kubuni papo hapo juu ya mzunguko wa wimbo huo, halafu wote wanarudi kuupiga kama ulivyoanza. Asiyelijua hili anadhani wanapiga ovyo. Aliyelijua anaanza kungoja wimbo urudi, na kungoja huko ndiko utamu unakokaa.

Mzunguko wenyewe una kipimo. Nyimbo nyingi zina bari 32: sentensi ya bari 8, sentensi hiyohiyo tena, sentensi tofauti ya bari 8 inayoitwa daraja, kisha ile ya kwanza inarudi. Hesabu mapigo manne kwa kila bari, kunja kidole kimoja kila bari ikiisha. Vidole vinane vikikunjwa, sentensi imekwisha. Fanya hivyo kwa wimbo mmoja tu, mara tatu, na masikio yataendelea kuhesabu yenyewe bila vidole. Anayezijua ngoma za Wamakonde ana faida hapa, maana tayari anafahamu kwamba wapo wanaoshika mdundo usioyumba na yupo mmoja anayeruhusiwa kusema juu yake.

Sasa kosa kubwa. Karibu kila anayetoa ushauri anaanza na "Kind of Blue" ya Miles Davis, ya mwaka 1959, kwa sababu ndiyo inayosifiwa kuliko zote. Sifa hizo ni za kweli. Lakini kwa sikio lililolelewa na dansi, taarabu na singeli, kuanza nayo ni kumpa mtu chai isiyo na sukari siku ya kwanza anayokuja kwako. Ni muziki wa utulivu, hauna haraka, na mengi ndani yake yamefichwa kwenye vitu ambavyo sikio jipya bado halijui kuvitafuta. Watu wengi huku wameiacha jazi moja kwa moja baada ya kupewa albamu hiyo mchana wa joto, kwa spika ya simu, katikati ya mazungumzo. Albamu haikuwa na kosa lolote. Ilikuja kabla ya wakati wake.

Anza na "Moanin'" ya mpiga drams Art Blakey na kundi lake la Jazz Messengers. Ilirekodiwa tarehe 30 Oktoba 1958 kwa kampuni ya Blue Note. Wimbo wa kwanza, uliotungwa na mpiga piano Bobby Timmons, umejengwa kwa wito na mwitikio, na hakuna mtu wa pwani anayehitaji kufundishwa mwitikio. Piano inatoa wito peke yake. Tarumbeta na saksafoni zinajibu kwa sauti mbili nzito, kama waumini wanaoitikia amina. Wito tena, amina tena. Bari nane zikiisha, wanabadilishana: sasa tarumbeta na saksafoni ndizo zinazoita, na walio nyuma wanaitika. Kisha linakuja daraja, na hapo mwitikio unakatika, besi inaanza kutembea hatua kwa hatua, muziki unakimbia mbele. Halafu piano inarudi na wito wake. Yote hayo yanachukua dakika moja hivi, na katika dakika hiyo umeshasikia ramani nzima ya dakika nane na nusu hivi zinazofuata.

Baada ya hapo anaingia Lee Morgan na tarumbeta. Alikuwa na umri wa miaka 20. Sikiliza anavyoanza kwa maneno machache, anaacha nafasi, anarudia neno lilelile kwa kulisukuma, kama mzungumzaji mzuri barazani. Benny Golson anafuata na saksafoni ya tenor, ile ya sauti nzito, kisha Timmons mwenyewe, kisha Jymie Merritt na besi. Mzunguko mmoja ni kama dakika moja, kwa hiyo ukiangalia saa ya simu utajua mpigaji yuko kwenye mzunguko wake wa kwanza au wa pili. Mara ya kwanza usikilize solo, yaani zamu ya kila mpigaji kubuni, si gitaa la solo la dansi. Mara ya pili acha solo zipite, shika besi tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mara ya tatu sikiliza mkono wa kulia wa Blakey kwenye ile sahani kubwa ya shaba, simbali, inayosema "ting, tinga-ting, tinga-ting" bila kuchoka. Mtu akimaliza hizo mara tatu, hata kama ni kwa siku tatu, ameshakuwa msikilizaji wa jazi, na mengine ni kuongeza albamu.

Kwenye albamu hiyohiyo kuna "Blues March", inayoanza kwa drams za gwaride. Wazee wanaojua habari za beni, ile ngoma ya gwaride na matarumbeta iliyoenea pwani nzima mwanzoni mwa karne ya 20, wanatabasamu hapo. "The Drum Thunder Suite" iache kwanza.

Kabla ya albamu ya pili, tuzungumze vyombo, maana huku kwetu vyombo vinawafukuza wasikilizaji wengi kuliko muziki wenyewe. Spika ya simu haiwezi kutoa besi. Uzi mnene kabisa wa besi la kusimama, lile kubwa linaloonekana pia kwenye picha za taarabu za zamani, unatikisika mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo kama ukucha haifiki huko hata kidogo. Kwenye singeli unapoteza uzito tu. Kwenye jazi unapoteza sakafu, kwa sababu besi ndiyo inayokuambia wimbo umefika wapi. Msikilizaji anabaki na tarumbeta inayoning'inia hewani, na ana haki ya kusema ni kelele. Hedifoni za waya za bei ndogo zinatosha kabisa kuanzia, ila uzivae zote mbili. Kugawana na rafiki, kila mmoja sikio moja, ni tabia nzuri ya undugu lakini inaua rekodi hizi. Zamani walikuwa wakiwatenga wapigaji, huyu upande huu na yule upande ule. Ukiwa na sikio moja, mwenzako anasikia saksafoni na wewe unasikia drams.

Sabufa ina ugonjwa wa kinyume. Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, ndipo sabufa nyingi mpya zinapoingia majumbani, na kila moja inawashwa besi ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Kwa jazi hiyo inageuza besi la kusimama kuwa ngurumo moja tu. Rudisha kitufe cha besi chini hadi robo, sauti za juu ziache katikati. Lile boksi kubwa litoe kwenye kona ya chumba, liwe angalau nusu mita kutoka ukutani, kwa sababu kona inaongeza mvumo. Vispika viwili vidogo usivipange juu ya boksi kama wengi wanavyofanya. Vitenganishe mita moja na nusu au mbili, viwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Kipimo chake ni hiki: weka mwanzo wa "So What", wimbo wa kwanza wa "Kind of Blue", ambapo besi ndiyo inayoongoza. Kama unaweza kuufuatisha mlio wa besi kwa mdomo, ukiona unapanda na kushuka, umepatia. Kama kila noti inasikika "buu, buu, buu" ileile, punguza besi tena.

Sauti iwe ya mazungumzo, si ya sherehe. Adhana ikianza, zima mpaka imalizike. Ni adabu, na pia hakuna anayeweza kusikiliza vitu viwili. Na mvua za Januari hadi Aprili zikipiga kwenye bati, usihangaike kuweka albamu za polepole. Hata kwa hedifoni, piano laini haishindi bati.

Faili nalo linataka uangalizi. Nyimbo nyingi zinazouzwa kwenye vibanda vya kuwekewa muziki kwenye flashi zimebanwa sana ili ziingie nyingi. Kitu cha kwanza kuharibika faili likibanwa ni simbali: badala ya "ting" unasikia mlio kama maji yanayochemka. Na kwa kuwa mwendo wote wa jazi umekaa kwenye simbali, umenunua wimbo usio na mwendo. Omba faili za kilobiti 320 kwa sekunde. Albamu ya dakika 45 itakula kama megabaiti 108. Ya kilobiti 128 itakula kama 43, nayo inavumilika ukiwa na bando dogo. Chini ya hapo usikubali. Sabufa nyingi zinasoma flashi iliyofomatiwa kwa mfumo uitwao FAT32 tu, na hazipangi nyimbo kwa majina bali kwa jinsi zilivyoingizwa. Ndiyo maana albamu inapigwa ikiwa imechanganyika. Ipe kila faili namba mbele, 01, 02, 03, kisha ziingize moja baada ya nyingine kwa mpangilio huo, usizibebe zote kwa mkupuo. Kwenye simu, zima kile kitufe cha kuchanganya nyimbo. Albamu hizi zilipangwa na watu wenye akili zao.

Sasa ya pili. Kwa sikio la dansi tunapendekeza "Song for My Father" ya Horace Silver, iliyorekodiwa kati ya 1963 na 1964. Baba yake Silver alizaliwa Cape Verde, na ndiye huyo mzee mwenye kofia kwenye jalada. Wimbo unaobeba jina la albamu una besi ya noti chache zinazorudiwa, mwendo wa polepole unaokaribiana na rumba, na hakuna mtu wa Chikongola au Ndanda atakayekosa mahali pa kuweka mguu. Ila mzunguko wake si wa bari 32. Ni wa bari 24: sentensi, sentensi ileile, kisha daraja, basi. Anayehesabu kwa vidole atashangaa kwa nini ile ya kwanza hairudi mwisho, hajakosea.

Pamoja nayo weka "Saxophone Colossus" ya Sonny Rollins, ya 1956. Wimbo wa kwanza, "St. Thomas", ni kalipso. Wazazi wa Rollins walitoka Visiwa vya Virgin, na wimbo huu unatokana na muziki wa visiwani kwao. Max Roach anafungua kwa drams, na saksafoni inaingia na wimbo mwepesi ambao mtoto anaweza kuuimba baada ya kuusikia mara mbili. Fuata jinsi Rollins anavyoanza solo yake kwa noti mbili tu, anazigeuza, anazipinda, anazirusha, kabla hajaongeza ya tatu. Hapo mtu anaelewa kwamba kubuni papo hapo kuna mpango ndani yake, kama mtu anayejenga nyumba kwa matofali mawili mawili.

"Time Out" ya Dave Brubeck, ya 1959, ni ya watu wanaopenda mahesabu ya mdundo. "Take Five", uliotungwa na mpiga saksafoni Paul Desmond, una mapigo matano badala ya manne. Hesabu "moja, mbili, tatu, moja, mbili" na hutapotea. "Blue Rondo à la Turk" una mapigo tisa yaliyogawanywa mbili, mbili, mbili, tatu. Brubeck aliyasikia kwa wapiga muziki wa mitaani Istanbul. Albamu hii inapendwa haraka, na inachosha haraka pia. Ipe wiki mbili.

Kwa anayesisitiza kwamba hawezi bila sauti ya mtu, na wapo wengi, hasa mama zetu na shangazi zetu waliokua na taarabu, chukua "Ella and Louis" ya 1956. Ella Fitzgerald na Louis Armstrong wanaimba, na nyuma yao kuna watu wanne tu, akiwemo Oscar Peterson kwenye piano na Ray Brown kwenye besi. Kiingereza chao ni cha kutamka wazi. Zaidi ya hapo, Armstrong akimaliza kuimba anachukua tarumbeta na kuendeleza hapohapo alipoachia mdomo, na ukimsikiliza vizuri utagundua ni sauti moja. Hili ndilo daraja bora tunalolijua la kumvusha mtu kutoka kwenye kuimba kwenda kwenye ala tupu.

Vijana wanaoishi na sabufa, wape "Head Hunters" ya mpiga piano Herbie Hancock, ya 1973. Hapo unaruhusiwa kurudisha besi juu kidogo. "Chameleon" inaanza na besi ya sintesaiza, yaani kinanda cha umeme, vyombo vinaongezwa kimoja kimoja, na wimbo unakwenda zaidi ya dakika 15. "Watermelon Man" unaanza na Bill Summers akipuliza chupa ya bia, akiigiza namna Wabenzele wa misitu ya Afrika ya Kati wanavyochanganya filimbi ya noti moja na sauti yao wenyewe. Kijana akishaipenda hiyo, mrudishe nyuma kwa Hancock yuleyule wa 1965, "Maiden Voyage", albamu nzima iliyowekwa baharini, piano ikipanda na kushuka kama jahazi lililotia nanga kwenye ghuba ya Mtwara kabla kusi halijaamka. Hakuna umeme ndani yake, lakini mkono ni uleule, na masikio yataujua.

Tahadhari moja kuhusu majina. Mswahili akiona albamu ya Hancock ya 1971 iitwayo "Mwandishi" anaikimbilia, na tunaelewa kwa nini. Wapigaji wa kundi lile walijipa majina ya Kiswahili: Hancock mwenyewe Mwandishi, Buster Williams wa besi Mchezaji, Eddie Henderson wa tarumbeta Mganga, Billy Hart wa drams Jabali. Muziki wake ni mgumu. Wimbo wa kwanza unakwenda kwa mapigo 15, na upande wa pili wote unaelea bila mdundo wa kushika kwa dakika nyingi. Iweke kabatini, itakuja siku yake.

Baada ya mwezi mmoja au miwili ya hizo, ndipo "Kind of Blue". Usiku, baada ya chakula, taa moja, bila mazungumzo. Ilirekodiwa kwa siku mbili tu, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, New York. Miles aliwaletea wenzake michoro mifupi badala ya nyimbo zilizoandikwa zikakamilika, na akaacha mtindo wa kubadilisha kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kila baada ya mapigo machache. Kwenye "So What", bari 16 za kwanza zinakaa kwenye skeli moja, yaani ngazi moja ya noti, bari 8 za daraja zinapanda nusu hatua, 8 za mwisho zinashuka zilipotoka. Ukisikia nyumba nzima imeinuliwa kidogo, hilo ndilo daraja. Besi inauliza, wengine wanajibu kwa noti mbili. Ndiyo, ni "Moanin'" tena, ila hapa watu wanaongea kwa kunong'ona, na aliyeanza na ile kelele ya Blakey anausikia mnong'ono huu bila kufundishwa.

Solo zinakuja kwa mpangilio huu: Miles, John Coltrane kwa saksafoni ya tenor, Cannonball Adderley kwa saksafoni ya alto, Bill Evans kwa piano. Wasikilizaji wapya wanawachanganya Coltrane na Adderley. Coltrane ni mzito na anabana maneno mengi kwa pumzi moja, Adderley ni mwepesi, mcheshi, sauti yake iko juu. Kwa hedifoni utawasikia wakitoka pande mbili tofauti, na hilo peke yake linamaliza ubishi.

Jambo jingine ni la wapiga gitaa, na wapo wengi Mtwara wanaopenda kupiga pamoja na rekodi. Nyimbo tatu za kwanza, zilizorekodiwa siku ya Machi, kwa miaka mingi zilitolewa zikiwa juu kidogo ya tuni ya kawaida, kwa sababu mashine ya kurekodi ilikwenda polepole siku ile. Zilirekebishwa kwenye toleo la 1992. Kama una kanda au sidii ya zamani na gitaa lako linakataa kuoana na "So What" huku likioana na "All Blues", usilaumu nyuzi. Na toleo jipya likiwa na "Flamenco Sketches" mara mbili, ya pili ni jaribio la akiba lililoongezwa baadaye. Zima baada ya wimbo wa tano.

Afrika nayo ina albamu zake za lazima, na hatuziweki mwisho kwa kuzidharau. "Mannenberg" ya Abdullah Ibrahim, iliyorekodiwa Cape Town mwaka 1974 alipokuwa bado akiitwa Dollar Brand, inaweza hata kuwa ya kwanza kwa mtu wa dansi. Wimbo mmoja unajaza upande mzima, zaidi ya dakika 13, kodi chache zinazozunguka bila kukoma, na saksafoni ya Basil Coetzee ikilia juu yake. Jina ni la kitongoji walikohamishiwa watu na serikali ya ubaguzi. Mulatu Astatke wa Ethiopia yuko kwenye "Mulatu of Ethiopia" ya 1972. Skeli zake za noti tano zinaingia moyoni haraka, hasa usiku.

"Mingus Ah Um" ya 1959 ifuate kwa wanaotaka moto. Wimbo wa kwanza uko kwenye mapigo sita ya kikanisa, watu wanapiga makofi na Charles Mingus anapaza sauti nyuma ya besi lake. Sikio la ngoma linafika hapo bila mwongozo.

"A Love Supreme" ya John Coltrane, iliyorekodiwa tarehe 9 Desemba 1964, inahitaji dakika 33 zisizokatwa. Ina sehemu nne. Kwenye matoleo mengi ya tatu na ya nne zimeunganishwa kuwa faili moja la karibu dakika 18, kwa hiyo ukiona nyimbo tatu tu, albamu yako haijapungua. Besi inaleta noti nne mwanzoni. Zishike, kwa sababu Coltrane atazichukua na kuzihamisha kwenye kila ufunguo wa muziki, juu na chini, kisha ataziimba kwa mdomo wake. Sehemu ya tatu inafunguliwa na Elvin Jones peke yake kwenye drams, na wengi huruka mbele hapo. Usiruke. Sehemu ya mwisho haina mdundo kwa sababu ni dua: Coltrane aliandika shairi la kumshukuru Mungu, likachapwa kwenye jalada, na saksafoni inalisoma silabi kwa silabi. Mtu aliyezoea kusikiliza kaswida atatambua hapo pumzi ya msomaji, inavyosimama mwisho wa kila mstari. Za Coltrane zilizofuata, kama "Ascension", ziache mwaka mzima.

Na ile ambayo kila Mswahili anayependa muziki huu anastahili kuwa nayo ni "Uhuru Afrika" ya mpiga piano Randy Weston. Ilirekodiwa New York mwezi Novemba 1960, Tanganyika ikiwa bado mwaka mmoja na kidogo kabla ya bendera yake. Melba Liston aliipangia kundi kubwa la wapigaji, Max Roach na Babatunde Olatunji wakiwa miongoni mwa wapiga ngoma, na Langston Hughes akaandika maneno. Katika utangulizi uitwao "Uhuru Kwanza", Mtanganyika Tuntemeke Sanga anayasoma kwa Kiswahili. Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 1964, muongo uleule ambao Nachingwea ilikuwa ikipokea wapiganaji wa Frelimo. Muwekee mzee bila kumwambia ni nini. Halafu mwache asikilize sehemu zote nne mpaka "Kucheza Blues". Nakala ya sidii mara nyingi imeunganishwa na albamu nyingine ya Weston, "Highlife". Zima pale "Kucheza Blues" inapoisha, hiyo nyingine ipigwe siku yake.